Mkopo kwa dhamana ya mavuno: bei ikishuka, hasara ni ya nani?

Karani wa AMCOS, Mtwara
Ndugu zangu, wanachama wetu hawajasahau msimu wa 2011/12, ambapo vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima (AMCOS) vilikopa benki ili kuwalipa wakulima wa korosho malipo ya awali kwa dhamana ya stakabadhi ghalani, yaani hati za mazao yaliyohifadhiwa ghalani, kisha bei ikaporomoka na vyama vikabaki na madeni. Nasikia serikali ya Marekani huwakopesha wakulima kwa dhamana ya nafaka iliyokwisha kuvunwa, na bei ikianguka hawadaiwi zaidi. Je, ni kweli, na masharti yake ni yapi?

Mchumi Kilimo
Ndugu Karani, ni kweli. Mikopo hiyo hutolewa na Commodity Credit Corporation, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1933, wakati bei za mazao zilikuwa zimeanguka vibaya. Kiwango cha mkopo hupangwa kwa sheria. Ile ya mwaka 2018, kwa mfano, iliweka dola 2.20 kwa busheli moja (kipimo cha nafaka cha Marekani) ya mahindi na dola 6.20 kwa soya. Mkopo ni wa miezi 9 na una riba. Bei ya soko ikiwa juu, mkulima huuza na kulipa deni lote. Ikiwa chini ya kiwango cha mkopo, anaweza kuruhusiwa kulipa kwa bei hiyo ya chini na kusamehewa tofauti, au muda unapoisha akaikabidhi nafaka yenyewe kwa shirika, na deni likafutika.

Mkaguzi Mstaafu
Naomba niongeze, kwa kuwa msamaha huo una masharti makali. Mkopaji lazima awe bado mmiliki halali wa nafaka, awe ametoa taarifa ya ekari alizolima, na awe amezingatia kanuni za kuhifadhi udongo na ardhi oevu. Nafaka ikiwa kwenye ghala lake mwenyewe, haruhusiwi kuihamisha wala kuiuza bila kibali, maofisa wanaweza kuja kuipima, na ikipungua au ikiharibika yeye ndiye anayewajibika. Serikali hubeba hasara ya bei, haibebi hasara ya uzembe.

Mchumi Kilimo
Hapo ndipo tofauti na kwetu ilipo. Stakabadhi inayotolewa chini ya Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 inathibitisha kwamba mzigo upo na ni wa nani, lakini sheria hiyo haisemi serikali itafidia bei ikishuka. Kumlipa mkulima baada ya mnada, badala ya kumpa malipo ya awali ya mkopo, kunapunguza madeni ya vyama, ila anayesubiri huku ada ya shule inadaiwa huishia kwa wanunuzi wa kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi, na jambo hilo linaniuma sana.

Karani wa AMCOS, Mtwara
Nashukuru, ndugu zangu. Katika mkutano mkuu nitapendekeza kwamba chama kisisaini mkataba wowote wa mkopo usiotaja waziwazi nani atalipa pengo, iwapo bei ya mnada itakuwa chini ya malipo ya awali.