Naomba ushauri: nina IBS (utumbo unaosumbua bila vipimo kuonyesha ugonjwa), maharage yamegoma kurudi

Habari zenu ndugu, na shikamooni wakubwa. Nina miaka 34, niko Morogoro. Mwaka wa pili sasa tumbo linajaa gesi na kunyonga. Leo naharisha, keshokutwa sipati choo kabisa. Nimepima choo na damu, nikachunguzwa utumbo kwa kamera, vyote safi. Daktari akasema ni IBS.

Alinieleza kwamba kuna aina za wanga ambazo utumbo mwembamba haufyonzi vizuri. Zikifika utumbo mpana, bakteria wanazichachusha na kutoa gesi, na utumbo wangu unaisikia gesi hiyo kuliko wa wengine. Akanishauri niache vitunguu vya aina zote, maharage, ngano na maziwa, kisha nirudishe kimoja kimoja.

Wiki 5 nimekula wali, samaki, karoti na mchicha, na kweli nimepata nafuu, usiku nalala. Juzi nikajaribu maharage nusu kikombe, niliyoloweka usiku kucha na kumwaga maji. Kufika jioni tumbo limekaza kama ngoma, hata kanga sikuweza kuifunga kiunoni. Sitaki kuyaacha moja kwa moja, maana ndiyo mboga yetu nyumbani, na bakteria wazuri nao wanahitaji vyakula hivyo.

Aliyefanikiwa kurudisha maharage, ulianza na kiasi gani na ulisubiri siku ngapi kabla ya kuongeza? Na mtindi je, umemsaidia mwenye IBS yeyote, au laktosi yake (sukari ya maziwa) itaniharibia?

Nawashukuru sana.