Hamsta vibete wanaumana hadi damu, halafu mtu anakwambia "waache watazoeana"?!

Wakuu, leo mnisamehe, sina maneno laini. Nimechoka na huu mtindo wa kuuza hamsta vibete, hawa vipanya vya kufuga vya aina ndogo, wawili wawili kwa maneno matamu, kisha wakianza kuraruana muuzaji anajifanya hakujui.

Kabla sijatoa hela nilimuuliza muuzaji swali la wazi: hawa wanakaa pamoja bila kupigana? Akanijibu bila kupepesa macho: "Hawa ni ndugu wa tumbo moja, hawana neno. Wanaopigana ni wale wa aina kubwa." Na kweli, wakiwa bado wachanga walilala wamebanana kwenye kijumba kimoja. Walipopevuka ndipo balaa likaanza. Usiku kelele za kufukuzana na milio mikali, asubuhi mmoja anakula na mwenzake amejibana nyuma ya chupa ya maji, hathubutu kusogelea chakula. Nilimshika nikampuliza manyoya ya kiunoni yakafunguka: vitundu vya meno vimepangana viwili viwili, kimoja kimeshaanza kutunga usaha. Ukimtazama juu juu huoni kitu kabisa, manyoya yamefunika yote.

Nikawatenganisha palepale, nikampigia muuzaji. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike huu uzi: "Umeharibu. Warudishe pamoja, watazoeana, ni kutafuta tu nani mkubwa."

Kutafuta mkubwa gani huko kwenye usaha?

Hebu tuongee ukweli. Hamsta wa Roborovski, mojawapo ya aina za vibete, ana gramu 20 hadi 25 hivi. Wa Campbell na wa Siberia, nao vibete, kwa kawaida wako kati ya gramu 30 na 50. Mnyama wa uzito huo akichanwa, hata jeraha dogo ni kubwa kwake, na meno ya hamsta ni marefu na hupenya. Juu ngozi inaziba, chini jipu linakua. Na hata asipoguswa na jino, yule anayefukuzwa kila akisogelea sahani anakonda, hapati usingizi, mwisho wanamkuta amekufa asubuhi, wakati mwingine ameshaliwa nusu. Halafu mwenye nyumba anaambiwa "labda alikuwa mgonjwa."

Najua hii hadithi ya kwamba vibete ni wanyama wa kuishi pamoja inatoka wapi. Hamsta wa Syria, yule mkubwa, akishapevuka hakai na mwenzake hata kidogo, na hilo kila mtu analijua. Vibete wao huweza kuvumiliana, baadhi yao, kwa muda. Dume la Campbell hata humsaidia jike wakati wa kuzaa, jambo la ajabu kwa panya wa aina yoyote. Lakini kutoka hapo hadi kumwambia mteja "hawana neno" ni uongo mtupu. Dume na jike kulea pamoja ni habari moja, majike wawili au madume wawili waliofungiwa kwenye boksi la plastiki ni habari nyingine. Porini anayeshindwa anakimbia, anakwenda zake. Kizimbani anakimbilia wapi?

Na wauzaji wengi hata hawajui wanachouza. Wanachanganya Campbell na wa Siberia kana kwamba ni kitu kimoja, wanazaliana, unapata machotara ambao hakuna anayejua tabia zao. Wengine wanakuuzia hamsta wa Kichina kwa jina la kibete, na huyo hata jenasi yake, yaani ukoo wake wa kisayansi, ni nyingine, na akikua ni mkali kwa wenzake. Jinsia ndiyo kabisa! Unaambiwa "majike wote", kumbe hakuna aliyewageuza kuangalia. Mimba ya vibete huchukua siku 18 hadi 22 tu, na jike anaweza kushika nyingine siku ileile aliyojifungua. Sasa ulikuwa na ugomvi wa wawili, una kundi zima ambalo nalo likipevuka litagombana.

Kwa walio na wawili sasa hivi na hawajui waone nini, nisikilizeni. Kusimama kwa miguu ya nyuma wakasukumana, mlio mfupi, mmoja akalala chali kisha wakaachana kila mtu akaendelea na shughuli zake, hiyo inavumilika. Isiyovumilika ni hii: mmoja anamfukuza mwenzake bila kumpa nafasi ya kupumua, wanabingirika kama mpira mmoja, wanalala mbalimbali wakati zamani walilala pamoja, mmoja anazuiwa chakula au gurudumu, kuna manyoya yaliyonyofolewa, kuna kidonda. Angalia matako, sehemu za siri, tumbo na masikio. Na uangalie usiku, kwa sababu mchana wamelala na utadhani una malaika.

Damu ikishatoka, biashara ya kukaa pamoja imekwisha. Wala usijaribu tena baada ya kidonda kupona. Wakiwa wameshikana usitie mkono mtupu, utaumwa wewe. Weka kipande cha kadibodi katikati au mfunike mmoja kwa kikombe. Kila mmoja apate kizimba chake kamili. Nasema kamili, kwa sababu kuna watu wanaweka wavu katikati ya kizimba kimoja, hamsta wanang'atana vidole kupitia kwenye wavu. Kidonda kikivimba, daktari wa wanyama akione mapema.

Halafu kuna huu ushauri unaozunguka wa kuwapaka wote vanila ili wanuke sawa wasahau ugomvi. Jamani! Hamsta anamjua mwenzake kwa harufu, vibete wana tezi ya harufu katikati ya tumbo. Unamfunika kwa harufu kali ambayo atajilamba ndani ya muda mfupi, kisha harufu yake inarudi na ugomvi uko palepale. Kwa habari hiyo hiyo ya harufu, kuosha kizimba kizima na kutupa matandiko yote kwa mkupuo mmoja kunaweza kuwasha vita kati ya waliokuwa wanaelewana. Bakiza sehemu ya matandiko ya zamani, uchanganye na mapya.

Vizimba vinavyouzwa navyo vinachochea. Gurudumu moja, chupa moja, kijumba kimoja chenye mlango mmoja, na mabomba ya plastiki ya kupandia juu. Mwenye nguvu anakaa kwenye mdomo wa bomba, mwenzake hapiti. Mwenye kijumba cha mlango mmoja akifuatwa ndani amekwama. Anayeng'ang'ania kuwaweka pamoja awape eneo pana la chini, kila kitu viwili na mbali mbali, vijumba vyenye milango miwili, chakula kitawanywe badala ya kurundikwa kwenye sahani. Na kizimba cha pili kiwe tayari kabla ya siku ya kwanza. Hata ukifanya yote hayo, hakuna anayeweza kukuhakikishia chochote.

"Atakuwa mpweke." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana linasemwa na watu wenye nia njema. Wangu aliyekuwa hathubutu kusogelea sahani, baada ya kuwa peke yake alianza kujaza mashavu mpaka kichwa kinapanuka, akachimba handaki lake, akakimbia kwenye gurudumu usiku kucha. Hakuna siku nimemwona akimtafuta mwenzake. Upweke huo mnaousema ni wetu sisi binadamu, tunaopenda kuona picha ya wawili wamekumbatiana.

Kwa hiyo nyie wauzaji mliomo humu: mpimeni jinsia mnyama kabla hajatoka mikononi mwenu, mseme ni aina gani, na mwambieni mnunuzi wa wawili kwamba huenda akahitaji vizimba viwili. Hamtaki kusema kwa sababu mtauza mmoja badala ya wawili, na sisi tunalijua hilo.

Mwenye swali la kutenganisha au kutibu kidonda aulize, nitajibu usiku na mchana. Anayekuja kuandika "wape muda" aeleze kwanza muda huo ni hadi jeraha la ngapi.