Mimea ya kwenye tangi la samaki inaniishia, naombeni ushauri

MamaNyakato: Wakuu, habari za jioni. Nina tangi la kioo la lita 120 sebuleni, huku Mwanza. Miezi miwili iliyopita niliagiza mimea hai Dar, ikaja kwa basi: valisneria (ile ya majani marefu kama utepe), anubiasi mashina matatu, na kriptokorini. Leo nimebaki na vijiti. Majani yanapungua, mengine nayakuta asubuhi yanaelea. Nikinunua tena itakuwa mara ya tatu. Taa gani inafaa? Nahisi mwanga ni mdogo. Usiku nakatiza usingizi kwenda kuangalia.

FundiVioo: Unawasha taa kwa muda gani kwa siku? Ukipitisha masaa 8 unafuga mwani, majani yote yanavaa koti la kijani. Tangi lisikae dirishani pia.

BustaniNiUhai: Anubiasi uliipandaje? Lile shina nene linalolala ukilifukia mchangani linaoza. Lifunge kwa uzi juu ya jiwe au gogo, mizizi itashika yenyewe. Kwao ni Afrika Magharibi, huota kwenye mawe ya vijito penye kivuli, haidai taa kubwa. Kriptokorini nayo ikihamishwa huyeyusha majani. Usiitupe, mzizi ukiwa mzima itachipua.

MzeeWaMwalo: Binti yangu, mimi ombi langu moja. Maji unayobadilisha na vipande vya mimea usimwage kwenye mtaro unaoshuka ziwani. Miaka ya 1990 tuliamka tukakuta mwalo umefungwa na gugu maji, mtumbwi hautoki, nyavu zimenasa, watoto wanalala njaa na samaki wapo. Asili ya gugu lile ni Amerika Kusini, na watu walilipenda kwa ua lake zuri la zambarau. Ikabidi waachiwe fukusi wa kulila. Majani yaliyokufa yaanike yakauke, uyafukie.

MamaPendo: Mtaani kwetu bomba linatoka mara mbili kwa wiki, na hapa lita 120 ni za mapambo. Tumuogope Mungu.

FundiVioo: Maji yale hayatupwi kila siku, dada. Anabadilisha robo kwa wiki, na yanayotoka ni mbolea nzuri ya mchicha. Mleta uzi, hujasema una samaki gani.

MamaNyakato: Samaki wa kawaida tu. Naomba turudi kwenye taa.

FundiVioo: Wa kawaida wanaitwaje?

MamaNyakato: Ni sato. Wanne. Mwanangu alipewa na mjomba wake kwenye bwawa la kufugia, wakiwa kama kidole. Lakini si wao, nawalisha asubuhi na jioni wanashiba. Halafu taa nimeshaitangulizia elfu hamsini na muuzaji harudishi, kwa hiyo nisaidieni niitumie vizuri.

BustaniNiUhai: Mkuu, ungeanza na hilo! Sato anakula mwani na majani hata awe ameshiba, na dume akikomaa anachimba mchanga kutengeneza kiota. Hata ukimletea jua lenyewe, mimea haitapona. Isitoshe lita 120 zitawabana, huyo ni samaki wa kufika kilo na zaidi.

KijanaWaIgoma: Sato wanne, ugali, kachumbari. Mimea itastawi kuanzia kesho.

Mchunguzi77: Uzi wa kutunga huu. Mtu wa Mwanza asijue sato anakula nini? Kasema ameagiza miezi miwili iliyopita, papo hapo anasema mara ya tatu. Asubuhi tatizo giza, jioni tatizo sato.

MamaPendo: Kweli, weka picha. Tumepoteza muda wetu bure.

MamaNyakato: Sijatunga. Mara ya kwanza nilinunua mwanzoni mwa mwaka, niliona aibu kusema. Sato niliwaficha kwa sababu nilijua mtaniambia niwaondoe. Baba yake alihamishiwa kazi mbali, na mtoto kila jioni anakaa pale anawasimulia ya shule. Mnielewe hapo.

Leo nimejibanza nyuma ya pazia taa ikiwa imewaka. Yule mkubwa, nilimpima kwa rula juu ya kioo akawa sentimita 14, ameuma utepe wa valisneria, akarudi kinyumenyume mpaka ukang'oka na mzizi. Nimeona kwa macho yangu. Sasa naombeni hili: bwawa la mjomba ni mwendo wa saa moja na nusu, nitawafikishaje wakiwa hai?

Mchunguzi77: Samahani, dada. Nilikuhukumu.

MzeeWaMwalo: Usiwalishe siku moja kabla, wasichafue maji njiani. Chukua ndoo ya lita 20, maji nusu, yawe ya tangi lao hilohilo. Kifuniko kitobolewe. Tokeni alfajiri kabla ya jua. Mkifika, ongeza maji ya bwawa kidogo kidogo ndani ya ndoo, kama nusu saa, ndipo uwaachie. Na mtoto aende. Yeye ndiye awaachie.

MamaNyakato: Asante, mzee. Tutakwenda Jumamosi. Nimemwambia, amelia, kisha ameuliza kama bwawani kuna majani. Anubiasi imebaki shina moja, nimelifunga kwenye jiwe kwa uzi wa kushonea.