Mfalme Arthur aliangushwa na Lancelot, au na watoto aliowatosa baharini?

Mleta mada: Wakuu, kila ikitajwa habari ya Mfalme Arthur wa Britania, lawama ni za shujaa wake Lancelot na mkewe Malkia Guinevere, waliopendana kwa siri, na zinazobaki anatwishwa Mordred, aliyemwasi na kumuua. Mfalme mwenyewe anatoka msafi. Hapo nakataa.

Chukueni simulizi ya Thomas Malory, iliyochapwa 1485. Arthur, kijana bado, analala na Morgause, mke wa Mfalme Lot wa Orkney. Kwamba ni dada yake wa tumbo moja, hakujua. Kwamba ni mke wa mtu, alijua fika, na mke wa mtu ni sumu. Kisha Merlin, mchawi na mshauri wake, anamwambia atakayemmaliza kazaliwa siku ya kwanza ya Mei. Arthur anaagiza watoto wote wa wakubwa waliozaliwa siku hiyo waletwe, wanapakiwa chomboni na kuachiwa bahari. Wengine hawajatimiza hata mwezi. Chombo kinavunjika, wanakufa. Mordred, mtoto wa Arthur na Morgause, anaokotwa na kulelewa na msamaria mpaka miaka 14.

Na wazazi? Wengi wao lawama wakamtupia Merlin, na kwa hofu au mapenzi wakanyamaza. Meza ya Duara yote, yaani kundi la mashujaa wa Arthur, imekalia ukimya huo.

Mchangiaji: Mkuu, unamwonea. Kwa Geoffrey wa Monmouth, mwandishi wa karne ya 12, Mordred ni mpwa tu na hakuna mtoto aliyetoswa. Hayo ya kuzaa na dada yaliingizwa na watunzi wa Kifaransa karne ya 13. Unamfunga mtu kwa kesi ya kubambikiwa!

Mleta mada: Kama ni mtu wa historia, hata kuwepo kwake kunabishaniwa. Mimi nazungumzia mfalme wa hadithi, na hadithi ilipokomaa ilimpa kosa. Kwa nini iliona ni lazima?

Mchangiaji mwingine: Lancelot simwachii hata kidogo. Akimwokoa Guinevere asichomwe moto kwa kosa la uzinzi, aliwaua mashujaa wenzake Gareth na Gaheris wakiwa hawana silaha. Kaka yao Gawain akakataa suluhu, akamburuta Arthur mpaka Ufaransa vitani. Mordred akabaki na nchi mkononi, akaitwaa. Bila safari ile angeanzia wapi?

Mleta mada: Nafasi aliipata hapo, sawa. Lakini aliyemwachia nchi ni nani? Baba yake, aliyeonywa tangu mwanzo. Au tuseme alisahau?

Halafu angalieni vita vya mwisho. Mordred kaegemea upanga wake katikati ya maiti. Sir Lucan, shujaa wa Arthur, anamsihi mfalme amwache, ushindi tayari ni wao. Arthur anadai mkuki, anamchoma. Mordred anajisukuma mbele juu ya mkuki uleule mpaka amfikie baba yake, anampiga upanga wa kichwa. Wanaomtetea Arthur wanijibu: kama hakuwa na la kuficha, kwa nini hakumsikiliza Lucan?