Pango la Noeli kanisani: karatasi zisibonyee, na taa ziwekwe vipi?

Mlezi_wa_Vijana

Tumsifu Yesu Kristo, wakuu. Jumuiya imepewa kazi ya kujenga pango la Noeli. Nafasi ni mita 2.4 kwa upana na mita 1.2 kwenda ndani, kando ya ukuta. Sanamu ni za plasta, iliyo ndefu kuliko zote ina sentimita 60. Mpango ni fremu ya mbao na karatasi za mifuko ya simenti. Shida ya mapango ya namna hii ni kwamba paa hubonyea hata Mkesha haujafika. Dawa yake nini? Na taa je? Vijana wanataka za kumetameta, wazee hawataki hata kuzisikia.

Fundi_Kona

Milele amina. Paa hubonyea kwa sababu mbili: mbao ziko mbali mno, na karatasi imelowa gundi kupita kiasi. Karatasi mbichi ni nzito. Ikikauka huku imebonyea, inabaki hivyo hivyo.

Anza na jukwaa. Vipimo ulivyotoa ni plaiwudi moja nzima. Ikate katikati upate vipande viwili vya mita 1.2 kwa 1.2, viunganishwe kwa bolti, maana kipande kizima kitawatesa mlangoni. Tumia plaiwudi ya milimita 12, chini yake mbao za inchi mbili kwa mbili kila baada ya sentimita 40, miguu ya sentimita 50 hadi 60. Mbele piga ubao wa sentimita 10 kama ukingo, mchanga na majani visimwagike.

Kimo cha pango kiwe kama mara mbili ya sanamu ndefu, yaani sentimita 120 hadi 130. Likizidi hapo, sanamu zinaonekana kama zimepotea humo ndani. Mbavu za paa zisiachane zaidi ya sentimita 40. Juu yake tandaza wavu wa kuku, ubane kwa stepla, kisha uminyeminye kwa mkono upate mabonde na vilima. Vaeni glavu, ncha za wavu ule zinakata.

Sasa karatasi. Kung'uteni mifuko nje, mdomo na pua vimefunikwa. Fungua mshono, tenganisha matabaka, kisha finyanga kila karatasi iwe donge, ikunjue, ifinyange tena, mara tatu au nne. Hapo inalainika kama kitambaa na mikunjo yake ndiyo inayotoa sura ya mwamba. Kwa pango hilo, matabaka mawili, tafuteni mifuko 15 hadi 20. Gundi ipakwe kwa brashi upande mmoja, msichovye. Tabaka la kwanza likauke kabisa ndipo la pili lifuate. Ukiyaweka pamoja yakiwa mabichi, katikati panaota ukungu na harufu yake mtaisikia mpaka sakristia.

Gundi ya uji wa ngano: kikombe 1 cha unga ukoroge na kikombe 1 cha maji baridi, mimina kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka, koroga dakika mbili tatu, tia kijiko kikubwa cha chumvi.

Mama_Stoo

Fundi, kwenye uji nakupinga. Kama pango litatunzwa kwa mwaka ujao, unga unaita panya na mende. Gundi nyeupe ya mbao na maji, nusu kwa nusu, gharama yake ni kubwa zaidi lakini mwakani mtalikuta zima. Uji ufae kwa pango la kuvunja na kutupa.

Rangi iwe ya maji. Ya mafuta inanuka na inachelewa kukauka. Pakeni kwanza kahawia iliyokolea kila mahali, ikikauka chukueni brashi karibu kavu yenye kijivu cheupe mpitishe juu ya mikunjo tu, bila kugandamiza. Mabonde yabaki meusi. Bila hatua hiyo mwamba unabaki kuwa karatasi iliyopakwa rangi.

Majani ya chini: unga wa mbao uliochanganywa na rangi ya kijani na kuanikwa. Tandikeni gunia kwanza, plaiwudi inateleza.

Nyaya_na_Taa

Za kumetameta hapana, hapo nipo na wazee. Jicho linafuata kinachocheza, kwa hiyo watu wataangalia paa badala ya Mtoto.

Ukanda wa LED wa volti 12 unatosha. Ule wa wati 4.8 kwa mita, mita 5 ni wati 24, yaani ampea 2. Chukua adapta ya ampea 3 isichemke. Bandika ukanda wa rangi ya joto, yaani mwanga wa manjano, nyuma ya tao la mbele, kwa ndani, uelekee chini kwenye hori. Mkiweka taa nyuma peke yake, nyuso zote zinakuwa giza. Bluu kidogo nyuma kwa ajili ya anga, basi.

Adapta ikae nje ya pango, isifunikwe na majani wala karatasi. Ekstensheni ikunjuliwe yote, ikibaki imeviringwa inapata joto. Balbu za zamani na mishumaa visiingie humo hata kidogo. Misa ikiisha, chomoa kwenye soketi.

Mlezi_wa_Vijana

Asanteni sana. Kuna aliyeuliza kama pango linafaa kuwekwa mbele ya altare. Pia hatuna sanamu ya ng'ombe.

Katekista_J

Mbele ya altare hapana, wala lisizibe mimbari. Liwekeni pembeni, watu waweze kusogea na kusali bila kukatiza Misa.

Ng'ombe asiwasumbue. Luka na Mathayo hawamtaji. Yeye na punda huhusishwa na Isaya 1:3. Kule Greccio, Italia, Noeli ya mwaka 1223, Fransisko wa Asizi alikuwa na hori, majani na wanyama hai, bila sanamu hata moja. Hori ndilo la kuhangaikia: liinueni kwa kigogo cha sentimita 10 na kuliinamisha kidogo mbele. Likilala bapa, aliyekaa benchi la tano anaona mbao tu. Sanamu ya mchungaji yeyote isisimame kati ya hori na watu.

Hori libaki tupu hadi Misa ya Mkesha. Mamajusi waanzie pembeni kabisa, wasogezwe kidogo kidogo wafike Epifania. Pango likae hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana.

Fundi_Kona

Mama Stoo, nimekubali kuhusu panya. Mlezi, basi jengeni pango kwa vipande vitatu tangu mwanzo, vifungwe kwa skrubu, na viungo vifichwe kwa karatasi isiyogundishwa. Pango la kipande kimoja la mita 2.4 halina stoo ya kuingia.