Uvimbe wa seli za masti kwa mbwa: CD117 na Ki-67 zinaweza kubadili daraja?

VetMoro: Wakuu, naomba msaada. Nina sampuli ya uvimbe wa seli za masti (seli za kinga zenye chembechembe) kutoka ubavuni mwa mbwa aina ya Boxer, miaka 7, kipenyo sm 2.5. Kwa rangi za hematoksilini na eosini naona seli za mviringo, eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu) tele, chembechembe chache mno. Kwa Patnaik (mfumo wa kupanga ukali wa uvimbe) nimeuweka daraja la 2. Mitosisi (seli zinazogawanyika) ni 5 katika maeneo 10 ya lenzi ya 40. Slaidi ya CD117 (protini ya KIT) imerudi kutoka maabara ikiwa kahawia kila mahali, na Ki-67 (alama ya seli zinazozaliana) nimeandikiwa "asilimia 23". Nazisomaje? Na zinaweza kupandisha daraja?

Jicho_la_40: Daktari, malizana kwanza na daraja, alama zisubiri. Daraja la 2 la Patnaik (1984) limebeba uvimbe wa tabia tofauti sana, ndiyo sababu mfumo wa Kiupel wa 2011 ukabaki na madaraja mawili tu. Daraja la juu linatosha kwa kigezo kimoja: mitosisi 7 au zaidi katika maeneo 10, au seli 3 zenye viini vitatu na kuendelea, au viini 3 vyenye maumbo ya ajabu, au angalau asilimia 10 ya seli ziwe na viini ambavyo vipenyo vyake vinatofautiana mara mbili au zaidi. Mitosisi zako 5 hazifiki, lakini hujasema lolote kuhusu vigezo vingine vitatu. Vihesabu.

Angalia pia upana wa eneo lako. Maeneo 10 yanapaswa kutimiza milimita za mraba 2.37. Lenzi ya jicho yenye namba 22 inakupa hivyo; ya namba 18 itakudai maeneo 15 hivi. Hesabu panapochemka mitosisi, usihesabie penye seli zilizokufa.

Na swali ambalo wengi hulisahau: uvimbe huu umeanzia kwenye ngozi yenyewe, au kwenye mafuta chini yake? Patnaik na Kiupel ni kwa ajili ya ngozi. Ukiwa umezungukwa na mafuta pande zote bila kugusa ngozi, usiupe daraja kabisa. Huko mitosisi zaidi ya 4 ni ishara mbaya, kwa hiyo 5 zako zingekuwa habari nyingine.

Parafini: Naongelea ile kahawia. Mtuhumiwa wa kwanza ni eosinofili: zina peroksidasi (kimeng'enya kinachozalisha rangi ya kahawia) yake zenyewe, na uvimbe huu umejaa eosinofili. Omba slaidi ya udhibiti iliyopitishwa hatua zote bila kingamwili ya kwanza. Nayo ikiwa kahawia, tatizo siyo CD117. Maabara warudie kuzima peroksidasi kwa hidrojeni peroksidi ya asilimia 3, dakika 10, kabla ya kingamwili, kwa mmumunyo uliotengenezwa siku hiyohiyo.

Mtuhumiwa wa pili ni melanini, hasa mbwa akiwa na michirizi myeusi. Hapo badilisha kromojeni (kemikali inayotoa rangi kwenye slaidi) iwe nyekundu. Ukitumia AEC, ambayo ni mojawapo, funika kwa gundi ya maji, kwani alkoholi na zailini huiyeyusha.

Kingamwili imefanya kazi? Tafuta seli za masti za kawaida kwenye ngozi nzima pembeni. Zinatakiwa zionyeshe mstari kwenye utando. Zisipoonyesha, slaidi hiyo usiisome.

Formalini yenye bafa, asilimia 10, ujazo mara kumi ya nyama, saa 24 hadi 48. Sampuli iliyokaa wiki kadhaa huweza kupoteza Ki-67, nawe utaandika "ndogo" kumbe antijeni imejificha.

Kwa chembechembe chache, paka toluidini bluu yenye pH ya 2 hadi 2.5, zitageuka zambarau. Zikikosekana bado CD117 inasaidia, lakini kumbuka melanoma nazo huweza kuipokea.

KITnaKiini: Usomaji wa CD117 hautazami kama ipo, unatazama ipo wapi. Mtindo wa I ni kwenye utando. Wa II ni madoa ndani ya saitoplazimu, mara nyingi karibu na kiini. Wa III umesambaa saitoplazimu nzima. Chagua seli 100, mbali na kingo za kipande, kisha andika mtindo wa juu kabisa unaofikia asilimia 10. II na III huendana na kurudi kwa uvimbe na maisha mafupi zaidi.

Hiyo "asilimia 23" inanitia shaka kubwa. Kikomo kinachojulikana cha 23 siyo asilimia. Ni wastani wa seli za masti zilizopokea rangi ndani ya kiwavu cha sm ya mraba 1, miraba 10 kwa 10, kwenye lenzi ya jicho, katika maeneo 5 yenye rangi nyingi kwa lenzi ya 40. Zaidi ya 23 ni mbaya. Waulize maabara walihesabu vipi, na kama waliziacha limfosaiti na seli za mishipa ya damu.

Mtindo wa KIT hauchukui nafasi ya PCR ya eksoni ya 11 (kipimo cha mabadiliko kwenye jeni la KIT). Ukifikiria toceranib (dawa inayozuia KIT), omba PCR kutoka bloku ileile ya parafini.

VetMoro: Kwa hiyo kwenye ripoti daraja halibadiliki?

KITnaKiini: Halibadiliki. Andika daraja kwenye mstari wake, kisha mtindo wa KIT, Ki-67 pamoja na njia ya kuhesabu, hali ya kingo kwa milimita, na PCR kama ipo. Daraja la chini lenye mtindo wa III na Ki-67 juu ya kikomo libaki daraja la chini, ila mwandikie daktari wa mbwa wazi kwamba tezi ya limfu ya karibu ichunguzwe kwa sindano, hata isipovimba.