Mrejesho: Nyama choma ya Nairobi

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Lamu. Niliwauliza hapa: nampeleka mama kliniki Nairobi, tutapata wapi nyama choma ya wenyeji, si ya hotelini? Wengi mlinitajia Kenyatta Market. Tumekwenda, na ahsanteni sana.

Kutoka Hospitali Kuu ya Kenyatta si mbali. Ukifika tu, vijana wa vibanda wanakuita huku na huku. Tulipita kwanza tukaangalia wenyeji wamejaa wapi, ndipo tukaketi. Unachagua nyama mbichi, inapimwa kwa kilo, kisha inawekwa motoni. Sisi tulichukua mbavu za mbuzi, kilo moja. Tulingoja karibu saa nzima, kwa hiyo msiende na njaa kali, hasa mkiwa na mzee.

Ikaletwa juu ya ubao. Kijana akaikatakata mbele yetu, mafuta yangali yanachuruzika, pembeni kifungu kidogo cha chumvi na kachumbari. Basi. Hakuna ukwaju, hakuna tangawizi. Sisi tuliozoea mishkaki iliyolala kwenye viungo tangu asubuhi tunaona ajabu, lakini ladha ilikuwa ya mbuzi mwenyewe: juu imekauka inavunjika, ndani laini. Mama alikula mpaka akavuta na ubavu wangu, na nilifurahi, maana tangu augue hali chakula vizuri.

Kuhusu halali, niliuliza mapema kabla ya kuagiza. Mutura, ule utumbo unaojazwa nyama na kuchomwa, tuliiacha, maana hutiwa damu. Mkienda, bebeni ndimu zenu.